Niliipanga Oda Ile kwa Mkono Wangu

Sehemu ya Tisa

Niliishia pale jiwe lilipovunja kioo cha ofisi na kunipasua kichwa juu ya sikio. Wengi wenu mmeniandikia kunipa pole. Zichukueni pole zenu. Mkimaliza kusoma ya leo mtaona jiwe lile lilikuwa dogo mno.

Kwa aliyelifungua gazeti leo tu: mimi nilikuwa fundi wa nyasi. Kaka yangu ndiye aliyenifunza. Miaka kumi na moja yeye mbele na mashine, mimi nyuma na reki. Mafundi wa nyasi tulikuwa na sheria moja ambayo haikuandikwa popote. Ukipata nyumba ya kukata nyasi, unafunga fundo la majani kwenye nguzo ya geti. Mwenzako akiliona, anapita. Hata kama hajala tangu jana, anapita.

Kisha akaja Injinia, msichana wa miaka ishirini na sita mwenye miwani na kompyuta, akatengeneza programu ya simu ya kuagizia fundi wa nyasi. Programu alikuwa nayo, ila nyumba hakuwa nazo. Nyumba alikuwa nazo kaka, kwenye daftari lake: mageti mia mbili na kumi na mawili, siku ya kila moja, wapi pana mbwa, wapi pana bomba lililofichwa na nyasi, mama gani hataki kelele kabla ya saa tatu.

Daftari lile nililiiba mimi. Nikampa Injinia, naye akanipa cheo cha Mkuu wa Mafundi.

Tulianza watu tisa kwenye gereji ya baba yake. Kabla mwaka haujaisha tukawa mafundi mia nne, miji mitatu, oda mia sita kwa siku. Mteja anabonyeza, kompyuta inamtafuta fundi aliye karibu, nukta yake inawaka kwenye ramani, fundi anakwenda. Kompyuta haijui fundo ni nini.

Mafundi wa zamani wakabaki na mafundo yao kwenye mageti yasiyowafungukia tena. Ndio waliorusha mawe. Na kaka yangu alikuwa hajanisemesha kwa miezi saba. Nilipompelekea salamu kupitia kwa mkewe, nililetewa jibu la maneno matatu: "Sina mdogo mimi."

Nisiwafiche. Pamoja na cheo, ofisi na watu mia nne wa kuwaamuru, kitu nilichokuwa nakitaka ni kimoja tu. Kaka anisemeshe.

Sasa tuendelee.

* * *

Siku ya pili baada ya lile jiwe, Injinia aliniita ofisini. Dirishani walikuwa wamebandika nailoni, inapumua kwa upepo.

"Kichwa vipi?" akauliza.

"Kipo."

"Wawekezaji wanakuja Jumatatu. Tunataka kuingia miji mingine sita. Wanataka kumwona mtu anayewaongoza mafundi."

"Watanikuta."

Akavua miwani. Injinia akivua miwani ujue kuna mtu anafukuzwa.

"Nimeamua awe Nyota Tano," akasema. "Mafundi wanamheshimu. Wewe wanakuogopa."

"Mimi ndiye niliyekupa mageti!"

"Na nilishakushukuru. Nitakupa mashine mpya kabisa. Utarudi kukata nyasi, ni kazi unayoijua."

Nyota Tano alikuwa fundi wetu wa miezi mitano. Tangu aingie hajawahi kushuka chini ya nyota tano, na jina lake la kuzaliwa watu walishalisahau. Wateja walimwandikia sifa hadi kero. Mmoja aliandika, "Kingo za ukuta anazimaliza kwa makasi, amepiga magoti." Hiyo niliisoma kwa sauti mbele ya mafundi wote, nikawaambia jamaa anapiga magoti kuombaomba nyota. Wakacheka. Mimi nilicheka kuliko wote.

Niliondoka mle ofisini damu inanichemka, nikaenda moja kwa moja stoo. Nyota Tano alikuwa huko na mafundi kama kumi, wanajaza mafuta kwenye mashine.

Akanyoosha kiganja. "Mkuu, nimeambiwa nichukue funguo kwako."

Nikampa ngumi.

Nilidhani ataanguka. Hakuanguka. Alinikamata kola kwa mikono miwili, akarudisha kichwa nyuma, akanipiga nacho usoni. Nilisikia mfupa wa pua ukilia ndani ya fuvu langu. Kabla sijajua nimesimama wapi, ngumi yake ikaingia mdomoni, meno yangu mawili yakatoka na vidole vyake vikachanika. Aliona damu yake mwenyewe, akachanganyikiwa kabisa. Akaniburuta sakafuni, akaipindua mashine ya magurudumu, akanilaza sikio juu ya kisu chake.

"Nikikukata sikio, mteja atanipa nyota ngapi?" akauliza.

Mafundi wakacheka. Watatu walikuwa wananirekodi kwa simu zao.

Kisu kilikuwa baridi na kilinuka majani. Alinikandamiza hadi ngozi ikaachia, kisha akanitemea mate, akachukua funguo mfukoni mwangu.

Pua ilipona. Meno nimeshayazoea. Ila kile kicheko nilikwenda nacho nyumbani, nikalala nacho, nikaamka nacho. Nilimchukia yule mtu kwa chuki ambayo sikujua kama ninayo. Nilitaka aumie, na nilitaka niwepo nimwone akiumia.

* * *

Asubuhi ya siku iliyofuata, saa mbili kamili, nikamkuta Chuma ananingoja nyuma ya ofisi.

Chuma ni fundi wa zamani. Kaka alitufunza pamoja, mimi na yeye, na siku ya ndoa yangu yeye ndiye aliyekuwa msimamizi wangu. Tangu programu ianze alikuwa upande wa pili, upande wa mawe. Akanivuta shati hadi ukutani.

"Nani amekufanya hivyo usoni?"

"Nimeanguka."

"Umeangukia ngumi." Akatazama huku na huku. "Sikiliza, sina muda. Leo mna oda saa nne. Nyumba tupu yenye geti la kijani, barabara ya nyuma ya kiwanda cha sabuni. Hiyo si oda."

"Ni nini?"

"Ni wenzangu. Wameagiza kwa simu ya mtu. Wamelifunga fundo getini, wameapa fundi wenu yeyote atakayelipita fundo lile hataondoka na vidole vyake. Nimewasihi hadi sauti imekauka. Hawasikii."

"Na wewe utakuwepo?"

Akainamisha uso. "Nisipokuwepo watajua ni mimi niliyesema. Ndiyo maana nimekuja kwako. Ifute. Ni kubonyeza tu, au siyo? Futa, tusubiri huko hadi tuchoke, turudi nyumbani."

"Nitafuta."

"Niapie."

"Chuma, nimeshasema nitafuta."

Akanikumbatia. Akanibana hadi nikasikia mapigo yake kwenye kifua changu. Kisha akapotelea nyuma ya ukuta.

Nikaingia ndani, nikakaa kwenye kiti ambacho kilibaki changu kwa siku tatu tu, hadi Jumatatu. Nikafungua orodha ya oda za siku ile. Ilikuwepo. Geti la kijani, saa nne. Kompyuta ilikuwa imeshampangia dada mmoja mgeni, fundi wa wiki mbili, nukta yake ilikuwa mitaa miwili tu kutoka pale.

Huyo nilimwondoa. Nataka mlijue hilo, maana ndilo jema pekee nililofanya siku ile.

Kitufe cha kufuta kilikuwa pale pale, chekundu. Pembeni yake kuna sehemu ya kupanga fundi kwa mkono, ambayo hutumika kompyuta ikikosea. Nikaandika: Nyota Tano.

Kompyuta ikaniuliza kama nina hakika.

Ningependa kuwaambia kwamba mkono ulitetemeka, kwamba nilimwaza mama yake au watoto wake. Hapana. Nililamba pengo la meno, nikabonyeza Ndiyo. Nikatengeneza chai, nikaweka sukari vijiko vitatu.

* * *

Saa nne na dakika kumi, mlango ukafunguliwa kwa teke.

Akaingia Nyota Tano.

Mkono wake wa kulia ulikuwa umefungwa bandeji hadi kwenye kifundo, umevimba kama andazi. Alikuwa amevaa shati la nyumbani na kandambili.

Kikombe kikanitoka mkononi.

"Unaogopa nini?" akasema. "Sikuja kupigana. Nimekuja kwa Injinia. Meno yako yamenitia sumu, daktari kasema nisishike mashine wiki mbili."

"Wewe... wewe una oda."

"Oda gani?"

"Saa nne! Geti la kijani! Nukta yako iko pale!"

Akacheka. Halafu akaona uso wangu, akaacha kucheka.

"Sikiliza, usinichomee kwa Injinia. Simu ya kazi nimemwazima mtu. Yeye ndiye anafanya."

"Mtu gani?"

"Kuna mzee mmoja. Ana miezi mitatu sasa, siku yangu siku yake, na leo nimemwachia yote. Hakutaka kujiandikisha mwenyewe. Alisema hapa kuna mtu hataki amwone. Anavaa ovaroli yangu, anashusha wavu wa kofia usoni, nani atamjua?"

Nilikuwa nimeshasimama. Sikumbuki nilisimama saa ngapi.

"Hizo nyota mnazonisifia, nusu yake ni zake," akaendelea. "Mzee ana kazi yule! Mimi nakata naondoka. Yeye anapiga magoti na makasi ukuta mzima, hata kama mteja hayupo."

Katika maisha yangu nimemwona mtu mmoja tu anayepiga magoti kumaliza ukingo. Mtu huyo alinishika mkono nikiwa na miaka kumi na saba, akanipigisha magoti pembeni yake, akaniambia nyasi za ukutani ndizo zinazomwonyesha fundi.

"Ana kovu kwenye kidevu?" nikauliza.

"Unamjua?"

Nikaiangalia ramani. Nukta ilikuwa imesimama ndani ya geti la kijani, haisogei. Nikapiga ile simu ya kazi. Ikaita hadi ikakata. Nikapiga tena.

Nikatoka mbio na soksi. Viatu nilivua nilipokuwa nakunywa chai yangu.

* * *

Mtu wa pikipiki alikataa kunipakia kwa sababu ya uso wangu uliovimba. Nikamsukuma, nikaondoka na pikipiki yake. Wizi mwingine huo, uongezeni kwenye orodha.

Geti la kijani lilikuwa wazi nusu. Fundo lilikuwa kwenye nguzo, bichi, limekazwa vizuri. Nje nilisikia mashine ya kufyekea inanguruma, na nikashukuru. Nikasema yupo, anafanya kazi, hawajaja.

Nikaingia.

Nyasi zilikuwa za kiunoni. Katikati palikuwa pamekanyagwa duara, na kwenye duara walikuwa wanaume sita. Katikati yao alilala mtu mwenye ovaroli yetu ya kijani, kofia kichwani, wavu umeshuka usoni, amejikunja mikono juu ya kichwa. Walikuwa wanampiga kwa zamu kwa mipini ya mafyekeo, kwa mpangilio, kama watu wanaotwanga. Mmoja alikuwa na mnyororo. Kila ukishuka, ovaroli inachanika na mgongo unafunguka.

Walikuwa wameshamnyoosha mkono wa kulia juu ya tofali. Mmoja ameukanyaga kwenye kiwiko. Mwingine ameshika fyekeo kinyume, anautumia mgongo wa chuma kama nyundo.

Kidole cha kwanza. Cha pili. Nilivisikia hata kwa kelele ya mashine.

"Acheni!" nikapiga kelele. "Acheni, ni kaka! Ni kaka yangu!"

Nani angenisikia? Mashine ilikuwa imeshikwa na jamaa mnene, anaisogeza taratibu kwenye miguu ya aliyelala, kamba yake ya nailoni ya kukatia inazunguka hadi haionekani, majani yanaruka. Nikamrukia. Kamba ikanipitia pajani, suruali na nyama vikaondoka pamoja. Nikamng'ata sikio. Tukaanguka wote na mashine ikatuangukia, inakata nyasi, inakata hewa, mpaka ikajichimbia kwenye udongo ikazima.

Kabla sijainuka, mpini ukanishukia mgongoni. Nikageuka. Alikuwa Chuma.

"Wewe?" akasema. Alikuwa analia. Mpini wake ulikuwa na damu hadi katikati. "Ulisema utafuta! Mbona amekuja mtu? Mbona umetuletea mtu?"

Nilitambaa hadi kwa aliyelala, nikafungua kamba ya kofia, nikaivua.

Jicho moja lilikuwa limefunikwa kabisa. Pua ilikuwa imelala shavuni. Kidevu kilikuwa na damu, lakini kovu lilionekana.

Wakasogea kutazama. Wanaume sita, na nusu yao kaka ndiye aliyewafunza kufunga fundo. Yule mwenye fyekeo alilitupa kama limemchoma, akaangalia viganja vyake.

"Huyu si Mzee?" akauliza mmoja, kama mtoto. "Mzee wetu? Anafanya nini na nguo zao?"

Jamaa mnene akatapika palepale. Kisha wakatimua mbio, mmoja kwa geti, wengine wakaruka ukuta, wameacha mafyekeo yao.

Chuma hakukimbia. Alipiga magoti, akakishika kichwa cha kaka kwa mikono miwili, akawa anarudia neno moja tu, "Nimempiga. Nimempiga mimi. Wa kwanza nilikuwa mimi."

"Kwa nini?" nikamuuliza.

"Walikuwa wananiangalia," akasema.

* * *

Hospitali walitupa chumba cha vitanda viwili, kimoja kitupu. Daktari alimshughulikia kaka hadi alasiri. Alipotoka alituambia mbavu nne, taya, figo moja wanaiangalia. Mguu wake uliochanwa na mashine utapona.

"Na mkono?" akauliza shemeji yangu, mke wa kaka. Alikuwa amekuja na ndoo ya nguo na thermosi, kama vile mgonjwa ana homa tu.

"Vidole viwili tumeviondoa," akasema daktari. "Vilivyobaki havitashika kitu, mama. Mnisamehe."

Shemeji akakaa chini kwenye sakafu. Hakupiga kelele. Alikaa tu, akanyoosha miguu.

"Shemeji," akaniambia, "usimkasirikie kwa kuvaa nguo zenu. Mageti yalikwisha. Alikuwa anaona haya kuja kwako. Kila akirudi alikuwa ananieleza, leo nimeona gari la mdogo wangu, nikashusha wavu. Anacheka peke yake."

Niligeukia ukuta. Nilitaka ule ukuta unimeze.

Chuma alikuwa amekaa mwisho wa kitanda, ameshika miguu ya kaka juu ya shuka. Shemeji alimwona, akamshika bega.

"Na wewe Mungu akubariki. Wameniambia ndiye uliyembeba hadi barabarani."

Chuma akaiachia miguu ya kaka.

Saa kumi na moja, jicho la kaka lililo zima likafunguka. Lilizunguka darini, likamkuta mkewe, likapumzika hapo. Kisha likanikuta mimi. Nikasubiri ageuze uso. Ningemwelewa.

"Mdogo wangu," akasema.

Miezi saba. Nilianguka kwenye kitanda kile, nikalia na kamasi, nikauweka uso kwenye mkono wake wa kushoto. Sikujali nani ananiona. Alikuwa anazungumza kwa shida, taya limefungwa, maneno yanatoka upande mmoja.

"Usilie. Nilikuwa nataka kukushukuru."

"Usiongee, kaka. Pumzika."

"Niache niseme. Asubuhi oda ilipoingia, kulikuwa na maneno chini ambayo si ya siku zote. Nilivaa miwani nikasoma: Umepangiwa na Mkuu wa Mafundi." Akapumua. "Wengine wote wanapangiwa na kompyuta. Mimi nimepangiwa na wewe. Nikamwambia shemeji yako, huyu amejua ni mimi. Amejua, na hakunitia aibu, amenitafutia kazi kwa mkono wake. Si nilikwambia, mama?"

"Alisema," akasema shemeji, anafuta macho. "Alikataa hata chai, shemeji. Alitoka hapa... alitoka nyumbani anaimba."

"Nililiona fundo getini," akasema kaka. "Nikataka kurudi. Nikasema, hapana. Ametuma yeye."

Akajaribu kutabasamu, ikamuuma, akaacha. Akaukaza mkono wangu kwa mkono wake uliobaki.

Mimi sikuwa naangalia uso wake tena. Nilikuwa naangalia mwisho wa kitanda.

Chuma alikuwa ameinua kichwa.

"Mzee," akasema taratibu, "umesema amekupangia nani?"

"Mdogo wangu. Angalia simu, iko kwenye ndoo."

Shemeji akaitoa simu, imepasuka kioo, akampa. Chuma si msomaji mzuri. Alifuata maandishi kwa kidole, midomo inachezacheza.

"Shemeji, hapa kwenye saa wameandika ngapi?"

"Saa mbili na nusu."

"Saa mbili na nusu," akarudia Chuma. "Mimi na wewe tulionana saa mbili kamili."

Niliuangalia mlango.

"Shemeji," akasema, hajaniondolea macho, "tuletee maji ya kunywa kule kwenye bomba la nje. Mzee ana kiu."

"Thermosi ina..."

"Tafadhali, dada yangu. Nenda."

Shemeji alimwangalia, akaniangalia mimi, akachukua kikombe akatoka. Chuma akainuka. Alikisukuma kile kitanda kitupu hadi kikaziba mlango. Kisha akaichomoa ile fimbo ya chuma ya kutundikia chupa za dripu, iliyokuwa imesimama tupu kwenye kona, akaipima uzito mkononi.

"Kuna nini?" kaka akauliza. Hakuwa anaweza kugeuza shingo.

"Langu nitakwambia mimi mwenyewe, Mzee," akasema Chuma. "Na ukishalisikia, utanifanya unavyotaka. Lakini huyu ataanza." Akasogea hadi nikaisikia pumzi yake. "Mwambie. Usipomwambia, hutoki humu."

Kule nje nilisikia shemeji anarudi, kikombe kinagonga mlango ambao haufunguki.

Kaka alikuwa bado ameushika mkono wangu.

"Aniambie nini?" akasema.